Zawadi za Noeli na Deni la Januari



Wapendwa taifa la Mungu, Majilio yanakaribia ukingoni na barabara ya kupanda mlimani imeanza kujaa magari. Yeyote aliyezaliwa Uchagani anajua maana yake: wana wa Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo wanarudi nyumbani. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita zipatazo 560, na wapo watokao mbali zaidi, Mbeya, Mwanza, hata Nairobi. Kwa majuma mawili migomba yetu husikia sauti za watoto wasiojua Kichagga, makanisa hufurika hata watu wakasimama nje madirishani, nasi mapadre huwaona wale tuliowabatiza wakiwa wamekuwa wazazi. Ni furaha kubwa, na tunayoyaandika leo yasieleweke kana kwamba tunaipiga vita.

Lakini sisi tunaokaa huku mwaka mzima huiona na Januari. Wageni wakishashuka, simu huanza kuita. Mtu aliyeondoka tarehe 2 akipiga honi toka kwa baba yake hadi barabara kuu, tarehe 15 anapiga simu kwa sauti ya chini akiuliza kama parokia ina mfuko wowote wa kumsaidia ada ya mtoto. Hatuzungumzii yanayosemwa katika kitubio; hayo yamefungwa na yatabaki yamefungwa. Tunasema yale tunayoambiwa barazani na kwa simu, mchana kweupe, na watu wanaotuomba ushauri au fedha, aghalabu vyote viwili.

Mama mmoja mjane wa kigango chetu kimojawapo, ambaye ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo lake bila kumtaja jina, alitufungulia siku moja sanduku lake la mbao. Mlikuwa na mablanketi saba, matano yakiwa bado ndani ya mifuko yake ya nailoni. “Baba,” alisema, “kila Noeli mwanangu ananiletea blanketi, nami nina mwili mmoja tu.” Tulicheka pamoja naye. Kisha akatueleza lililomleta. Mwezi wa Machi alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa, ambaye ndiye aliyempatia sukari, chumvi na dawa za shinikizo la damu, ili kumkomboa mwanawe huyo huyo mikononi mwa wakopeshaji. Mkopo wenyewe ulikuwa wa nini? Gari la kukodi la kuja nalo nyumbani, mbuzi wawili, nguo mpya za watoto wanne, kreti za bia na soda, bahasha ya mchango wa kanisa, na blanketi la saba.

Tungeweza kusema kijana yule ana majivuno, tukafunga mjadala. Homilia nyingi za Desemba, na zetu zikiwamo, huishia hapo hapo. Tunaona si haki. Tunamfahamu tangu alipokuwa mtumishi wa altareni, na majivuno hayakuwa tabia yake. Tena watu wanaoangukia shimo hili ni wengi mno, waalimu, madereva, wenye maduka, askari, makatekista pia, hata tusiweze kuamini kwamba wote wamepungukiwa akili kwa wakati mmoja, kila mwaka, mwezi ule ule.

Kwa maoni yetu, mzizi ulio chini kuliko yote ni kutokuwepo. Mtu aliyekaa miezi kumi na moja bila kumwona mama yake hurudi na mzigo moyoni ambao hajui aushushe wapi. Hakuja kwenye msiba wa shangazi. Hakupiga simu siku ile mama alipolazwa. Alisikia kwamba zizi limeanguka akasema, “Nitaangalia mwisho wa mwezi,” na mwisho wa mwezi ukapita. Sasa Desemba imefika, na blanketi ndilo linalotumwa kuyasema maneno yale ambayo mwenyewe hawezi kuyatamka. Kazi hiyo ni nzito kupita nguvu za blanketi, ndiyo maana linaongezewa mbuzi, na mbuzi anaongezewa kreti. Anayetaka kulipa deni la mapendo kwa bidhaa hajui wakati gani amemaliza kulipa, kwa kuwa vitu hivyo viwili havipimwi kwa mizani moja.

Juu ya mzizi huo huota jambo la pili, nalo ni habari tulizokuwa tukizituma nyumbani. Kijana anayeishi chumba kimoja cha kupanga, ambaye biashara yake ilifungwa mwezi wa Mei, akiulizwa na wazazi kwa simu hujibu kwamba mambo ni mazuri. Hasemi hivyo kwa ubaya. Hataki kuwatia hofu wazee. Lakini Desemba inapofika, habari zile njema zinamdai ushahidi. Hawezi kushuka kwenye basi na begi moja. Hivyo anakodi gari, na kila siku gari linapokaa chini ya mgomba bila kwenda popote, linamgharimu fedha.

Wala sisi tuliobaki nyumbani tusinawe mikono. Mgeni anapofika, swali linalopita upesi kutoka kihamba hadi kihamba si kwamba ni mzima au mgonjwa. Ni kwamba amekuja na nini. Mwana wa fulani amebadilisha bati za nyumba ya baba yake, na huyu wetu je? Tumewasikia wazazi wakisema hivyo mbele ya watoto wao, wakicheka, na tumewaona watoto hao wakitazama chini.

Mwaka 1925 mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss aliandika kitabu juu ya zawadi katika jamii nyingi za dunia, akaonesha kwamba hakuna zawadi iliyo huru kabisa: anayepewa hujikuta anapaswa kupokea, na akishapokea hujikuta anapaswa kurudisha. Wazee wetu wasingeshangazwa na habari hiyo. Katika mila zetu mbuzi anapochinjwa kila kipande cha nyama kina mwenyewe, na mbege ina utaratibu wa nani aonje kwanza. Yapo ya kukosoa katika mila hizo, hasa kuhusu sehemu waliyopewa akina mama. Hata hivyo zilikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza bila kuliona likiondoka: zilikuwa na kipimo. Mtu aliyempelekea mkwewe kipande kinachompasa na kibuyu cha mbege alijua, na mkwe alijua, na jirani alijua, ya kwamba ametimiza. Akalala usingizi. Zawadi ya dukani haina kipimo cha namna hiyo. Ukileta simu, iko simu kubwa kuliko hiyo. Ukileta televisheni ya inchi 32, jirani ameletewa ya 43.

Sasa tuongeze fedha inavyotembea mwezi huu. Vikundi vingi vya vikoba huvunja na kugawana akiba Desemba. Mama aliyeweka shilingi elfu tano kila juma tangu Januari anapokea kwa mara moja fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja, tena katika majuma mawili yale ambayo kila mtu anamtazama mkononi. Kufikia tarehe 26 zimekwisha. Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula havikuondoka, na wazazi wenye watoto katika shule za binafsi, zikiwamo shule zetu za Kanisa, wanadaiwa muhula wa kwanza. Tumekwisha kuwauliza akina mama wa WAWATA: ni sheria gani inayosema kikoba kivunjwe kabla ya Noeli? Kwa nini kisivunjwe juma la pili la Januari? Kikundi kimoja kimekubali kujaribu. Vingine vimetucheka, na mwenyekiti wa kimojawapo akatuambia kwamba padre hanunui viatu vya watoto. Jibu hilo tumelipokea. Lakini viatu vya shule, mama, vinanunuliwa Januari.

Asiye na kikoba hukopa. Zamani ilimbidi mtu aende kwa mtu, ajieleze, aone haya, na pengine haya hiyo ikamwokoa. Tangu mwaka 2014, M-Pawa ilipoanza nchini mwetu, ikafuatwa na nyingine, mkopo uko mfukoni na hauulizi neno. Hatulaumu chombo, wapo waliolipia matibabu usiku wa manane kwa mikopo hiyo. Ila kitu kinachopatikana kwa kubonyeza mara tatu huku umesimama kwenye foleni ya duka hakimpi mtu nafasi ya kukumbuka Januari. Na baada ya simu kuchoka kutoa, wanafuata wale ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu, jina ambalo mwanafasihi asingeweza kulipata lililo bora zaidi. Hao huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, na mshahara ukiingia huwa wa kwanza kufika kwenye mashine.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana wengi husaini bila kuipiga. Mtu anakopa shilingi 300,000 tarehe 20 Desemba kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba yake ni shilingi 90,000 kila mwezi. Januari analipa riba tu kwa sababu ya sare za shule. Februari analipa riba tu. Machi analipa riba tu. Amekwisha kutoa shilingi 270,000, na bado anadaiwa zile zile 300,000 kama siku ya kwanza. Kanuni zilizotokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ziliwawekea wakopeshaji hao kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho riba ya mwezi ingekuwa shilingi 10,500. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, baadhi yakijulikana kwa kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Tunawasihi muulize leseni kabla ya kuchukua fedha ya mtu.

Na kwa kuwa baadhi ya wakopeshaji hao huketi mabenchi ya mbele, tuseme na wao kidogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inapofafanua amri ya tano, yaani amri ya kutoua, inawataja wafanyabiashara ambao kwa riba na uroho wao huwasababishia ndugu zao njaa na mauti, na kusema kwamba wanaua, ingawa si kwa mkono wao. Hatukuyaweka sisi maneno hayo pale.

Maandiko Matakatifu yanajua habari hizi vizuri kuliko tunavyodhani. Yoshua bin Sira, mwishoni mwa sura ya 18, anamwonya mtu asijifanye fukara kwa kufanya karamu za fedha ya kukopa hali mfuko wake ni mtupu. Kitabu hicho kiliandikwa kama karne mbili kabla ya Kristo, na hakuna simu iliyokuwapo. Injili ya Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka A, inamwonesha Bwana akiwauliza makutano walitoka kwenda nyikani kutazama nini. Kama ni mtu wa mavazi laini, basi watu hao wamo katika nyumba za wafalme. Yohane wakati huo alikuwa gerezani. Makutano walikuwa wamemfuata bila yeye kuwapelekea kitu chochote mkononi.

Lakini andiko linalotusumbua zaidi ni la Luka, sura ya pili. Siku arobaini baada ya Noeli ya kwanza, Maria na Yusufu walimpeleka Mtoto hekaluni. Torati katika kitabu cha Walawi, sura ya 12, ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Naye asiyeweza kumpata mwanakondoo alete ndege wawili. Luka anataja ndege wawili. Mwana wa Mungu alitolewa kwa sadaka ya maskini, wala wazazi wake hawakuona haya kuingia nayo mlango ule ule walioingia wenye wanakondoo. Hatusomi popote kwamba walikopa ili heshima ya Mtoto isipungue. Tena tuangalie upande wa pili: Torati yenyewe ndiyo iliyowatengenezea njia. Iliandikwa hivyo ili maskini aweze kutimiza wajibu wake na kutoka akiwa amesimama wima.

Je, parokia yetu imemtengenezea maskini njia ya namna hiyo? Hapa, wapendwa, ndipo tunapolazimika kujishtaki. Kwa miaka mingi, baada ya Komunyo katika Misa ya Noeli, katibu wetu amekuwa akisimama na kipaza sauti na kuwasomea waamini majina ya waliotoka mijini pamoja na kiasi walichotoa. Fulani, laki tano: makofi. Fulani, laki mbili: makofi. Fulani, elfu kumi: kimya, na jina linalofuata. Sisi tulikuwa tumekaa pale kwenye viti vyetu, tukitabasamu. Bahasha ya kijana wa mablanketi saba ilikuwa ya shilingi laki mbili. Ilisomwa, na tulipiga makofi. Fedha ile ilinunua bati za paa la kigango, na kila tunapokwenda kusali kule tunalitazama paa lile na kumwona ng'ombe wa mama yule.

Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira, ambaye sikukuu yake tumeiadhimisha tarehe 6 Desemba na ambaye dunia ya biashara imemgeuza kuwa mzee wa nguo nyekundu, anasimuliwa na mapokeo kwamba aliwaokoa mabinti watatu wa mtu aliyefilisika kwa kuwatupia dhahabu dirishani usiku, ili asijulikane. Kanisa limelihifadhi simulizi hilo kwa karne nyingi. Sisi tumenunua spika.

Kwa hiyo tumeamua kwamba Noeli hii majina hayatasomwa. Bahasha hazitakuwa na mahali pa kuandika jina. Anayehitaji stakabadhi ataipata ofisini. Mhasibu wetu, mtu mwaminifu ambaye amehesabu fedha za parokia hii bila senti kupotea, ametupinga waziwazi katika kikao. Anasema Misa moja ya Noeli huleta zaidi ya Dominika nyingi zikijumlishwa, kwamba nusu ya paa bado haijaezekwa, kwamba masika yatanyesha majina yasomwe yasisomwe, na kwamba watu wengi hutoa kwa furaha na wanastahili kushukuriwa hadharani. Huenda ana haki katika hayo yote. Hatukuwa na jibu la kumridhisha, na mpaka sasa hatunalo.

Tulileta na jambo la pili, ambalo limeleta ubishi mkubwa zaidi. Tulipendekeza parokia imrudishie mama yule shilingi laki mbili za bahasha ya mwanawe, ziwe mwanzo wa kumpatia ng'ombe mwingine. Wajumbe kadhaa wa Halmashauri ya Walei wamesema kwamba kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi, na kwamba tukianza na mmoja watakuja arobaini. Sisi tunaona kwamba wakija arobaini tutakuwa tumejua ukubwa wa jambo hili, ambalo sasa tunalikisia tu. Mama mwenyewe hakuomba, na alipozisikia habari hizo alikasirika kidogo. Kikao kitaendelea Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Walio mbali wapeleke maoni yao kwa viongozi wa jumuiya zao ndogo ndogo, nasi tutayasoma yote, yakiwamo ya kutukosoa.

Kijana wake ameyasoma maandishi haya kabla hatujayaweka hapa. Hakufuta neno. Ameomba tuongeze tu kwamba mwaka huu anakuja na familia yake kwa basi, na kwamba atakaa mpaka Epifania, kwa sababu zizi lile bado halijatengenezwa.